Nyumba ya babu: paa la nyasi, moshi na mifuko 14 ya saruji

Juu ya mlango wa mbele wa nyumba ya marehemu babu yangu, kwenye kizingiti cha mninga, zimechongwa kwa patasi tarakimu nne: 1938. Ile 3 imegeuka ikatazama upande usio wake, jambo ambalo bibi alilicheka hadi uzeeni, kwa kuwa babu alijifunza kuandika akiwa mtu mzima na kizingiti hicho kilikuwa miongoni mwa madaftari yake ya kwanza. Nyumba yenyewe ipo shambani, magharibi mwa Tabora mjini, upande wa njia iendayo Urambo, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Masika usiulize.

Mwaka 2023 nilichukua likizo ya wiki tano kwenda kusimamia ukarabati wake. Nilikwenda nikiamini kwamba kazi ni kuezua nyasi zilizochakaa na kuezeka nyingine, basi. Siku ya tatu, tulipobandua lipu ya ukuta wa mashariki, niliona kwamba uzee haukuwa na hatia kubwa. Kilichoichosha nyumba ile ni mabadiliko tuliyoifanyia sisi wenyewe kwa zaidi ya miaka 50, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na sababu nzuri. Tangu siku hiyo nilianza kupima kila ukuta, kuchungulia kila tundu na kuwauliza wazee waliobaki nani alifanya nini na kwa nini.

Mgeni akifika Tabora na kutaka kuona nyumba ya kale, hupelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimoishi Livingstone, yule msafiri wa Kizungu, mwaka 1872. Huko ndiko alikobaki baada ya kuagana na Stanley mwezi Machi, akisubiri wapagazi hadi alipoondoka mwezi Agosti. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba nyumba za kale za Unyamwezi zote zilikuwa matembe. Tembe asili yake ni nyumba ya pembe nne yenye paa la bapa, miti iliyopangwa kisha ikafunikwa kwa udongo, na ni nyumba inayofaa sana Ugogoni, upande wa Dodoma, ambako mvua ni chache. Huku kwetu, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa mwaka hufika kati ya milimita 700 na 1,000, paa la udongo linataka mwenye nyumba asiye na kazi nyingine. Mkulima wa kawaida alijenga msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka, na ndiyo aliyozaliwa babu na ndiyo aliyooa akiwa nayo.

Nyumba ya 1938 si tembe wala si msonge. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na babu katika ujana wake alifanya kibarua cha kutengeneza njia ya reli, akilala kwenye nyumba za wafanyakazi zilizokuwa na kuta zilizonyooka na pembe zilizokutana sawasawa. Aliporudi shambani alitaka pembe. Alichimba msingi wa nyumba yenye urefu wa mita 12.4 na upana wa mita 6.8, akaigawa vyumba vinne na ukumbi, na akaita mafundi wa kijijini ambao maisha yao yote walikuwa wamejenga misonge. Matokeo yake unayaona hadi leo ukisimama ndani: kwa nje pembe ni kali kiasi cha kuridhisha, lakini kwa ndani kila pembe imeviringwa, kwa sababu mikono iliyokandika udongo ule haikujua namna nyingine ya kumalizia ukuta. Hakuna kabati linalokaa vizuri kwenye pembe za nyumba hiyo. Shangazi yangu mkubwa amejaribu kabla hajaolewa na tena aliporudi akiwa mjane, na bado nyuma ya kabati lake pana nafasi anamopotelea mtoto wa paka.

Kuta ni za nguzo na fito zilizokandikwa udongo pande zote mbili, unene wake ukiwa kati ya sentimita 22 na 26. Nguzo za pembeni ni mninga na mkora, na hapo babu hakubahatisha, maana kiini cha miti hiyo mchwa hukiogopa. Nguzo za katikati ni miti ya miombo ya kawaida, ambayo mchwa haiogopi hata kidogo, na nyingi zimekwisha kubadilishwa mara mbili au tatu. Juu ya kuta umelala mtambaapanya, mti mrefu wa kubebea paa, na juu yake yameegemea makombamoyo, miti inayopanda hadi mgongo wa paa, kisha fito zimefungwa kwa kukingama juu ya makombamoyo hayo, na juu ya fito ndipo nyasi zinapokaa. Katika kazi yote hiyo hapana msumari hata mmoja. Kila kiungo kimefungwa kwa kamba ya gome la mti wa muyombo, iliyofungwa ikiwa mbichi na kulowa ili ikikauka ijikaze yenyewe. Nilikuta fundo moja juu ya ukumbi, jeusi kwa masizi na gumu kama pembe ya ng'ombe, ambalo fundi wetu alisema halijaguswa tangu nyumba ilipojengwa. Nilijaribu kulichoma kwa ncha ya kisu na kisu kikateleza.

Paa lina vipaa viwili virefu na visusi viwili, yaani pande fupi za paa kwenye ncha za nyumba. Mwinuko wake unakaribia nyuzi 45, na huo si urembo. Nyasi haziizuii mvua kama bati linavyoizuia. Kila unyasi hupokea tone na kulikabidhi kwa unyasi ulio chini yake, na mwinuko ukipungua, maji husahau njia na kuzama ndani. Kwa mwinuko huo, na kwa nyumba ya upana ule, mgongo wa paa umekwenda juu mita 5.5 kutoka sakafuni ilhali kuta zenyewe hazizidi mita 2.1. Kisha babu aliuacha mchirizi, yaani ukingo wa chini wa paa, utoke nje ya ukuta kwa sentimita 80, hivyo ukingo wa nyasi ukawa mita 1.3 tu kutoka ardhini kuzunguka nyumba nzima. Kwa mbali usingeona ukuta. Ulikuwa unaona kofia kubwa iliyowekwa chini, na mlango wa kimo cha mita 1.55 ambao kila mtu, awe mtemi au mpagazi, aliuingia akiwa ameinama.

Ndani, kwenye ukumbi, palikuwa na mafiga matatu, na juu yake uchaga wa kuwekea mbegu za mahindi na mtama. Nyumba haikuwa na dari wala bomba la moshi. Moshi ulipanda, ukazunguka chini ya paa, ukajipenyeza taratibu kwenye nyasi na kutoka nje kama jasho. Ulikausha nyasi kila jioni ya masika, ukazipaka masizi na utomvu ambao wadudu hawaupendi, na ukailinda mbegu kwenye uchaga dhidi ya fukusi. Ninalisisitiza jambo hili kwa kuwa mambo mengi yaliyofuata yanatokana nalo, na hapana hata mmoja wetu aliyekuwa akilifikiria.

Badiliko la kwanza lilikuwa la mlango. Mwaka 1956 babu aliuza tumbaku akanunua kabati mjini, na tumbaku yenyewe ilikuwa zao jipya kwa wengi wa upande wetu, maana ilianza kushamiri Urambo baada ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka mwaka 1951. Kabati lilifika kwa lori na halikuingia mlangoni. Lililala chini ya mwembe usiku mbili, limefunikwa turubai, huku babu akizunguka nyumba. Siku ya tatu alikata nyasi za mchirizi juu ya mlango kwa upana wa mita 1.6, akainua kizingiti kile kile chenye 1938 hadi kikafika mita 1.9, na kabati likaingia. Alama za mahali kizingiti kilipokuwa zingali kwenye miimo yote miwili.

Masika yaliyofuata maji ya paa, ambayo yalizoea kuanguka mbali na ukuta, yaliangukia mlangoni na kurusha tope kwenye vitako vya kuta. Udongo ulianza kumegeka. Babu akajenga baraza mbili za udongo, kushoto na kulia mwa mlango, na watu wengi husema alizijenga ili akae na wageni. Alikaa nazo kweli, lakini nilipochimba chini ya baraza ya kushoto nilikuta mawe yaliyopangwa kwa uangalifu kuuzuia ukuta uliokwisha kuliwa kwa kina cha kiganja. Baraza ilikuwa bandeji.

La pili lilikuwa la bibi, na kwangu mimi ndilo badiliko la haki kuliko yote. Mwaka 1964, macho yake yakiwa mekundu kwa moshi na kifua kikimkereketa kila alfajiri, alisubiri babu aende mjini kuuza nta, akayang'oa mafiga na kuyahamishia nje. Alimwita kaka yake, wakajenga banda la jiko nyuma ya nyumba, na likajengwa duara, msonge mdogo wa aina ile ile ambayo babu aliikimbia. Babu aliporudi alikuta ukumbi umefagiliwa na kupigwa samadi, na inasemekana hakusema neno hadi chakula kilipoletwa.

Wazee wanakubaliana kwamba paa la kwanza lilikaa masika 16 kabla ya kuezuliwa lote. Paa lililoezekwa baada ya jiko kuhama lilikaa masika 7. Familia ililaumu nyasi, ikamlaumu fundi, na kuna mjomba mmoja aliyelaumu majirani kwa mambo ambayo sitayaandika hapa. Fundi wetu wa mwaka 2023, mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake na ambaye sasa hapandi tena ngazi bali hukaa chini ya mwembe na kuelekeza wajukuu, aliingia ukumbini, akainua kichwa, akanusa, akaniambia, "Mjukuu wangu, paa hili lina njaa ya moshi." Nilidhani ni msemo. Akanionyesha upande wa ndani: nyasi za juu ya ukumbi, ambazo bado zilikuwa na tabaka la zamani lililoachwa chini ya jipya, zilikuwa nyeusi na nzima, ilhali zile mpya zilipukutika ukizigusa.

Mwaka 1974, wakati wa Oparesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, familia ilihamia kijijini, kilomita tano kutoka shambani. Babu aling'oa mlango, akaubeba, akaziba tundu kwa miiba. Kwa miaka kadhaa nyumba ilikuwa ya kulala msimu wa kilimo tu, na kisusi cha kaskazini kilianguka chote. Sina mengi ya kusema kuhusu kipindi hicho isipokuwa kwamba waliporudi miaka ya 1980 mlango uliwekwa ukifunguka upande wa pili, kwa kuwa mwimo wa kushoto ulikuwa umeliwa, na matundu ya bawaba za zamani bado yapo, yamezibwa kwa nta.

Nusu ya kaskazini haikurudi kuwa ya nyasi. Mwaka 1988 baba mdogo alileta mabati membamba ya geji 30 na kuyapigilia juu ya makombamoyo na fito zile zile za zamani. Simlaumu. Nyasi nzuri zilikwisha kuwa za kutafutwa mbali, kila msimu wa kuchoma nyika tulilala kwa wasiwasi, na bati lilitupa maji safi ya pipa. Lakini paa la nyasi lenye unene wa sentimita 25 huwa na zaidi ya kilo 20 kwa kila mita moja ya mraba hata likiwa kavu, na bati la namna hiyo halifiki kilo 4. Paa la babu lilikaa juu ya nyumba kwa uzito wake. Hakuwa na haja ya kulifunga lisiruke, bali alilifunga lisiteleze. Kamba za magome zilizotosha kabisa kushika mzigo unaoelekea chini hazikuwa na chochote cha kuzuia mzigo unaotaka kwenda juu. Novemba 1991 upepo wa mvua za kwanza uliingia chini ya mchirizi na kuondoka na mabati tisa pamoja na fito zake, moja likakutwa juu ya bani la jirani, banda la kukaushia tumbaku. Yaliporudishwa yaliwekewa mawe juu, na mawe yakashika unyevu, na chini ya kila jiwe kukawa na kutu ya umbo la jiwe hilo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka 2011, nikiwa na ajira ya kwanza na moyo wa kuonekana, nilinunua mifuko 14 ya saruji na kutuma shambani kuta zipigwe lipu nje na ndani. Nilitaka nyumba ipendeze kwenye harusi ya dada yangu, na ilipendeza kweli. Picha za siku hiyo zinaonyesha kuta nyeupe zilizonyooka, na mimi nimesimama mbele nikiwa nimeshika kiuno kama mwenye nyumba.

Ukuta wa udongo hupumua. Masika hunywa unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua ya upepo, kiangazi huurudisha hewani, na katika kufanya hivyo huvimba kidogo na kusinyaa kidogo. Lipu ya saruji haivimbi wala haisinyai pamoja nao. Baada ya misimu miwili hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji huingia kupitia nyufa hizo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mwaka 2023 fundi aligonga ukuta wa mashariki kwa kifundo cha kidole na ukalia kama mtungi mtupu. Tulipotia sululu, kipande chenye ukubwa wa mlango kilianguka kwa mara moja, kikiwa kimebeba mgongoni tabaka zima la udongo wa babu. Nyuma yake mchwa walikuwa wamejenga barabara zao kwa starehe, gizani, kwenye unyevu, bila kuku wala mtoto wa kuwaona, kutoka kwenye msingi hadi kwenye mtambaapanya. Nilipanda ngazi na kuubonyeza mti huo kwa kidole gumba. Kidole kiliingia hadi kwenye fundo la kwanza, na kilichomwagika kilikuwa laini kama unga wa muhogo. Kabla ya lipu, njia ya mchwa juu ya ukuta ilionekana asubuhi hiyo hiyo, na bibi aliifagia kabla hajachemsha uji. Nilikuwa nimelipia pazia la kuwafichia.

Ukarabati ulitumia wiki zote tano na mbili zaidi nilizoomba kazini. Tuliondoa saruji yote, ambayo sasa imejaza mashimo ya njia ya kwenda kisimani, na tukabadilisha mtambaapanya wa mashariki kwa mninga uliopasuliwa, ulionunuliwa mjini ukiwa na vibali vyake. Kuta tulizikandika upya kwa udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni na samadi ya ng'ombe, tabaka tatu, kila moja likiachwa likauke kabla ya jingine. Ndiyo, udongo wa kichuguu: mchwa waliotubomolea ndio waliotusagia udongo, maana hapana udongo unaoshika kama huo. Nyasi zilitoka mbugani, matita 410, zilizokatwa mwezi Julai kabla moto wa nyika haujaziwahi, na wajukuu wa fundi waliezeka kutoka mchirizini kwenda juu huku mzee akipiga kelele kila walipoweka tita nene mno. Mchirizi juu ya mlango tumeurudisha, lakini umeinuliwa kwa kigongo kidogo kama nyusi ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Kizingiti hatukukigusa.

Kikao cha ukoo kiliamua mabati ya kaskazini yabaki, nami nikakubali baada ya ubishi mfupi, kwa sababu pipa la maji lina hoja nzito kuliko mapenzi yangu kwa nyasi. Tuliyafunga makombamoyo ya upande huo kwa waya mzito uliopitishwa ndani ya ukuta hadi kwenye mawe tuliyoyazika chini ya msingi. Pale nyasi zinapokutana na bati tuliziacha nyasi zilale juu ya bati nusu mita. Masika ya kwanza hapakuvuja. Ya pili palivuja kidogo.

Lilibaki suala la moshi. Fundi alishauri moto uwashwe ukumbini angalau mara moja kwa wiki wakati wa masika, wa kuni mbichi kidogo, usiku mzima, bila mtu kulala humo. Shangazi alicheka sana, akasema mama yake alihamisha mafiga kwa machozi na sasa tunayarudisha kwa kikao. Hata hivyo alikubali, na Jumamosi ya kwanza ya Desemba aliuwasha, akafunga mlango, akaenda kulala kwenye chumba cha upande wa bati. Alfajiri moshi ukawa unatoka kwenye paa zima, kutoka mgongoni hadi mchirizini, mwembamba na mweupe. Vijana wa majirani, ambao hawajawahi kuona nyumba inayotoa moshi namna hiyo bila kuungua, walifika mbio na ndoo saba za maji, na mmoja alikwisha kupanda ngazi alipotokea shangazi na upande wake wa kanga, akipiga kelele, "Jamani, acheni! Tunaivutisha sigara!"